Mnara wa Dhumna

Mwaka 2021 watu wa Unguja walioneshwa picha ya jumba ambalo mwambao huu haujapata kuona mfano wake: ghorofa 70, urefu wa mita 370, gharama ya dola za Kimarekani bilioni 1.3, na jina la Zanzibar Domino. Mchoro ulitoka katika kampuni ya xCassia, na waliousimamia mradi walikuwa AICL Group na Crowland Management. Lau lingesimama, lingekuwa la pili kwa urefu barani Afrika, likipitwa na mnara wa mji mkuu mpya wa Misri tu. Miaka ikapita, mnara haukuonekana. Maneno yaliyosemwa juu yake, hata hivyo, yanastahili kuwekwa katika historia, kwani aghalabu nyumba isiyojengwa hufichua mengi kuliko iliyojengwa.

Domino kwa lugha ya visiwani ni dhumna, mchezo wa barazani baada ya alasiri. Wenyeji walipolisikia jina walianza kwa kucheka. Mcheza dhumna anajua kwamba vipande vikisimamishwa kwa safu, kimoja kikiguswa vyote hulala. Lakini kicheko hakikuwa jibu la wote. Walikuwapo waliofurahi, na furaha yao haikuwa ya kijinga. Visiwa vilivyohesabiwa watu 1,889,773 katika sensa ya mwaka 2022 vina vijana wanaotafuta kazi, na kijana mwashi akioneshwa ghorofa 70 huona mishahara kabla ya kuona mandhari. Wengine waliuliza nani atakaa juu huko, na maji yatapandaje. Na wapo waliokumbuka hadithi ya Jibrili, ambamo kushindana kwa majengo marefu kumetajwa miongoni mwa alama za Kiyama. Anayeidharau hoja hiyo ya mwisho kuwa ni ya kikale hajaielewa. Katika hadithi ile lawama imeelekezwa kwenye ushindani. Urefu wenyewe haukuharamishwa.

Ushindani huo si mgeni kwetu. Sayyid Barghash, aliyewahi kuhamishiwa Bombay na kisha kuizuru Uingereza mwaka 1875, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 ili kila nahodha anayeingia bandarini aione kabla ya kuona kitu kingine. Jina lake, Nyumba ya Maajabu, latosha kutueleza watu waliipokeaje. Umeme uliwaka humo kabla ya majumba mengine ya Unguja, na lifti yake ilikuwa ya mwanzo katika Afrika Mashariki. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa ubavuni mwake pamoja na mnara wa taa uliokuwa mbele. Beit al-Ajaib ikabaki, ikaja kuvishwa mnara wa saa. Ilistahimili mizinga, haikustahimili kuachwa. Tarehe 25 Disemba 2020, ilhali matengenezo yakiendelea, upande mmoja uliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafa.

Naomba msomaji aziweke tarehe hizi mbili pamoja. Haukutimia mwaka tangu watu waokote mawe ya jengo la 1883, wakaletewa picha ya ghorofa 70. Nionavyo mimi, hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa shaka yao, ingawa si wote waliousema. Mji uliozika mafundi kwa sababu ya nguzo chakavu una haki ya kuuliza nani atatengeneza lifti ya ghorofa ya 70 mwaka wa arubaini.

Baada ya Mapinduzi lilikuja jaribio la aina nyingine. Majumba ya Michenzani, yaliyoanza chini ya Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalinyooshwa katikati ya Ng'ambo, ghorofa juu ya ghorofa, wakahamishiwa watu waliozoea uwanja na baraza. Walinung'unika, kisha wakashuka na kuweka mabaraza yao chini ya ngazi. Lakini Michenzani, pamoja na ugumu wake wote, ilikuwa na wapangaji wenye majina: wenyeji wa mji. Domino haikuwa na hao. Vivyo hivyo Burj Zanzibar, jumba la mbao na zege la ghorofa 28 lililotangazwa mwaka 2022 kwa ajili ya Fumba, lilizinduliwa kwa wanunuzi huko Oman. Na sheria ya mwaka 2010 ilikuwa tayari imemfungulia mgeni mlango wa kununua fleti. Ujenzi wa namna hiyo huleta fedha, sikatai. Ila baraza halina sauti katika jengo ambalo wakaazi wake wako ng'ambo nyingine ya bahari.

Kaskazini zaidi, Watamu katika kaunti ya Kilifi, wawekezaji wa Kitaliano walikusudia mnara wa ghorofa 61 wenye jina la Palm Exotjca. Huko watu hawakuishia kunung'unika. Watamu ina hifadhi ya bahari tangu mwaka 1968, na kasa hutaga mchangani mwake. Mtoto wa kasa akitoka yaini huifuata nuru, akidhani ni bahari. Taa za ghorofa 61 zingemvuta nchi kavu. Wapinzani walipeleka shauri mbele ya baraza la taifa la mashauri ya mazingira, na mnara haukujengwa.

Sisi wa Tanga tunalitazama jambo hili kwa upande wa waya. Pemba hupata umeme kwa kebo ya baharini iliyotoka Tanga mwaka 2010. Unguja huupata kupitia Ras Kiromoni hadi Fumba, na watu wake hawajasahau Mei 2008, kebo ilipokatika wakakaa gizani mwezi mzima, wala kiza cha pili kilichoanza Disemba 2009 hadi Machi 2010. Miezi mitatu bila lifti katika nyumba ya ghorofa mbili si msiba. Katika ghorofa ya 70 ni kuhama, kwani pampu za maji nazo hulala.

Na umeme huo una chanzo chake. Sehemu yake hutoka Hale na Maporomoko ya Pangani, katika mkoa wetu, kwenye mto ambao juu yake kuna bwawa la Nyumba ya Mungu na mashamba ya mpunga ya Moshi. Wakulima wa huko na mitambo ya huku hugombea maji yale yale kila kiangazi. Katika mashauriano yote ya mnara wa dhumna, wao hawakuulizwa.