Homa ya muda mrefu kwa watoto katika Kanda ya Kati ya Tanzania

Homa ya muda mrefu kwa watoto ni hali ambapo joto la mwili wa mtoto hubaki juu ya kiwango cha kawaida, au hupanda na kushuka, kwa siku nyingi kuliko inavyotarajiwa katika mafua na maambukizi mengine mepesi. Mara nyingi joto lenyewe si kali. Likipimwa kwapani huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi, na mtoto anaweza kuendelea kucheza, kunyonya na kula kidogo. Kwa sababu hiyo wazazi wengi husubiri.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF kuhusu matibabu ya watoto wagonjwa walio chini ya miaka mitano, unaotumika Tanzania tangu miaka ya 1990, unaweka mpaka wa siku saba. Mtoto aliyekuwa na homa kila siku kwa zaidi ya siku saba anatakiwa kupelekwa kwenye kituo chenye uwezo mkubwa zaidi wa uchunguzi, hata kama haonekani kuwa mahututi.

Katika mikoa ya Dodoma na Singida tatizo hili lina sura yake. Eneo hilo ni nyanda kavu za juu (mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari), mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, na malaria ni chache kuliko katika mikoa ya Kanda ya Ziwa au pwani ya kusini. Hata hivyo neno "homa" na neno "malaria" hutumika mitaani kana kwamba ni kitu kimoja, na mtoto huweza kumaliza dozi mbili za dawa ya malaria bila kuwa na malaria.

Kupima joto

Kugusa paji la uso kwa kiganja hakutoshi. Mkono unaweza kutambua joto kali, lakini homa ndogo huupita kirahisi, na mkono wa mama aliyetoka jikoni au kisimani hauna kipimo kimoja. Kipimajoto cha kidijitali huwekwa kwapani, ngozi ikiwa kavu na mkono wa mtoto ukiwa umebanwa ubavuni, mpaka kilie.

Joto la mwili hubadilika kwa siku nzima: huwa chini alfajiri na juu kidogo alasiri na jioni. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuwafanya wazazi waamini kwamba mtoto "hupandwa na homa kila jioni". Mavazi nayo huchangia. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wa Dodoma huwa wa baridi, na watoto hufungwa kwa sweta, kofia na mablanketi hata ndani ya nyumba. Mtoto wa namna hiyo apunguziwe nguo na aachwe kwa robo saa kabla ya kupimwa. Kinachomsaidia mganga zaidi ni kumbukumbu iliyoandikwa: joto la asubuhi na la jioni, tarehe, na dawa iliyotolewa. Hata pembeni ya kadi ya kliniki panatosha.

Kuna hali mbili ambazo mara nyingi huhesabiwa vibaya. Chanjo nyingi huleta homa ya siku moja au mbili, lakini chanjo ya surua na rubela, inayotolewa Tanzania mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, inaweza kuleta homa takriban siku ya saba hadi ya kumi na mbili baada ya sindano, wakati familia imeshaisahau. Kuota meno kunaweza kupandisha joto kidogo sana. Homa inayofika nyuzi 38 au inayoendelea kwa siku kadhaa haielezwi na meno.

Sababu

Sababu ya kawaida kuliko zote ni virusi vya njia ya hewa. Mtoto anayeishi na watoto wengine hupata mafua mapya kabla ya yale ya kwanza kuisha, na homa mbili au tatu fupi huonekana kama homa moja ndefu. Siku moja au mbili za joto la kawaida katikati ni dalili muhimu ya hali hiyo.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008 na kuchapishwa mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliofika kutibiwa bila kulazwa. Maambukizi ya njia ya hewa yalipatikana kwa takriban asilimia 62, na malaria kwa asilimia 10.5 tu. Utafiti mwingine wa hospitali za Moshi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walidhaniwa kuwa na malaria, lakini waliothibitishwa walikuwa 14. Wagonjwa hao wa Moshi walikuwa watoto na watu wazima pamoja, na wala Moshi si Dodoma, ila kosa la kukisia ni lilelile.

Maambukizi ya njia ya mkojo yanastahili kutajwa peke yake. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili homa inaweza kuwa dalili pekee: hasemi kwamba anaumwa wakati wa kukojoa, na nepi huficha rangi na harufu. Wasichana hupata zaidi. Yasipotibiwa yanaweza kuacha makovu kwenye figo. Kipimo ni cha mkojo uliokingwa kwenye chombo safi baada ya mtoto kuoshwa. Mkojo uliokamuliwa kutoka kwenye nepi hautoi jibu la kuaminika.

Katika Dodoma na Singida maambukizi ya sehemu za siri na ya mkojo yamejulikana kwa jina la lawalawa. Baadhi ya familia ziliamini kwamba yanatokana na mizimu na kwamba dawa yake ni kumkeketa mtoto wa kike, hata akiwa mchanga. Ukeketaji hautibu maambukizi hayo. Huongeza jeraha, damu kupotea na hatari ya pepopunda juu ya ugonjwa ambao kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya kunywa ya siku chache. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inaufanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai.

Kundi jingine linatokana na mifugo. Wagogo, Warangi, Wabarbaig na Wamasai wa eneo hili hufuga ng'ombe na mbuzi, na mtoto anapoachishwa ziwa mara nyingi hupewa maziwa ya nyumbani. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa bruselosi, ugonjwa ambao kwa ng'ombe hujulikana kwa kutupa mimba. Kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka kwa wiki nyingi, jasho, uchovu na maumivu ya viungo. Mtoto mdogo anaweza kuonyesha tu kwamba hataki kutembea. Kwa hiyo swali la kama ng'ombe au mbuzi wa nyumbani wametupa mimba karibuni si la daktari wa mifugo peke yake.

Kifua kikuu kinafikiriwa pale homa inapoambatana na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, uzito usioongezeka au unaoshuka, na hasa kama kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi vizuri, hivyo mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki una thamani kubwa. Virusi vya UKIMWI, homa ya matumbo, usaha wa sikio na selimundu pia huchunguzwa. Saratani za damu ni nadra, lakini weupe wa viganja, michubuko isiyo na sababu na tezi zilizovimba huzifanya zikumbukwe.

Homa ya papasi

Ugonjwa unaoitofautisha zaidi Kanda ya Kati ni homa ya papasi. Papasi ni kupe laini wa jamii ya Ornithodoros moubata. Huishi katika nyufa za kuta na sakafu za udongo, na nyumba ya asili ya Wagogo, tembe yenye paa bapa la udongo, humfaa sana. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda usiofika saa moja, kisha hurudi ufani, hivyo asubuhi hakuna anayemwona. Anaweza kukaa miaka bila chakula.

Papasi huambukiza bakteria aitwaye Borrelia duttonii. Jina hilo ni kumbukumbu ya Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekufa Kongo mwaka 1905 kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Mwaka huohuo Robert Koch aliwachunguza papasi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na kukuta vimelea hivyo kwa papasi wa kambi za misafara, ambazo njia yake kuu ilipita Ugogo.

Homa hupanda ghafla kwa siku chache, hushuka yenyewe, mtoto huonekana amepona, kisha baada ya takriban wiki moja hurudi. Bakteria hubadilisha protini za ngozi yake ya nje, na kinga ya mwili hulazimika kuanza upya kumtambua. Mzazi anayesimulia anaweza kuueleza mzunguko huo kama homa moja ya mwezi mzima. Watoto wachanga na wajawazito huathirika vibaya kuliko wengine.

Vimelea hivi huonekana kwa darubini katika tone la damu lilelile linalotumika kutafuta malaria. Kipimo cha haraka cha malaria, kilichoenea katika zahanati kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, hakiwezi kuvionyesha. Kipimo hicho kimeokoa watoto wengi na dawa zisizohitajika, lakini jibu la "hana malaria" si jibu la "hana vimelea kwenye damu". Penye tembe na homa inayorudi, darubini bado inahitajika.

Utafiti uliofanyika Mvumi, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2003 katika The Lancet ulikuta aina mpya ya Borrelia katika damu ya baadhi ya watoto wenye homa, na pia ya wachache walioonekana wazima. Ugonjwa hutibiwa kwa antibayotiki kama penisilini au erithromaisini. Saa chache baada ya dozi ya kwanza joto linaweza kupanda sana na mtoto kutetemeka kwa sababu bakteria wengi hufa kwa pamoja, hivyo dozi hiyo hutolewa chini ya uangalizi.

Huduma nyumbani na dalili za hatari

Homa ndogo yenyewe haihitaji kushushwa kwa dawa kama mtoto hana maumivu wala usumbufu. Parasetamoli hutolewa kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 100 hadi 150. Kuitoa kila siku kwa wiki nzima bila uchunguzi huficha mwenendo wa homa. Aspirini haifai kwa watoto. Antibayotiki za duka la dawa zilizomezwa nusu dozi ndizo zinazowasumbua zaidi wapimaji, kwa kuwa huua bakteria kiasi cha kuvuruga vipimo bila kuponya. Mtoto anyonyeshwe au anyweshwe mara nyingi zaidi na avalishwe nguo nyepesi.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa hapaswi kusubiri hata siku moja. Kwa wakubwa zaidi, kituo cha afya kinahitajika mara moja kukiwa na degedege, kulegea au kupoteza fahamu, shingo kukakamaa, kupumua kwa shida, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, au viganja kuwa vyeupe.

Kinga

Maziwa huchemshwa mpaka yatokote, hata yale ya kugandisha. Dhidi ya papasi, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 kutoka Tanzania ya kati yalionyesha kwamba kupulizia nyumba dawa ya lambda-sihalothrini kulipunguza homa hiyo kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sakafu ya saruji, kuta zilizopigwa lipu na kitanda kilichosogezwa mbali na ukuta humnyima papasi maficho na njia. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro nacho humzuia kumfikia mtoto usiku.