Kutoka SIMM hadi DDR5: Historia ya Vibao vya Kumbukumbu

Kibao cha kumbukumbu, ambacho mafundi wengi hukiita RAM tu, ni ubao mwembamba uliopangwa chipu na kuchomekwa kwenye ubao mama wa kompyuta. Hushika data na maagizo ambayo prosesa inayatumia kwa wakati huo. Umeme ukikatika, vyote hupotea. Umbo la kibao hiki limebadilika mara nyingi ndani ya miaka 40 hivi, na karibu kila mara sababu ilikuwa ileile: prosesa ilitaka kupewa biti nyingi zaidi kwa mkupuo mmoja, au kupewa kwa haraka zaidi.

Kabla ya chipu, kumbukumbu kuu ya kompyuta ilikuwa vijipete vya sumaku vilivyotungwa kwenye nyaya nyembamba, kila kijipete kikibeba biti moja. Mtindo huo uliingizwa katika kompyuta ya Whirlwind ya chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1953, ukatawala kwa takriban miaka 20. Ulikuja kung'olewa na wazo la Robert Dennard, mhandisi wa IBM, aliyepata hataza mwaka 1968: biti moja ihifadhiwe kwa transista moja na kapasita moja. Kapasita huvuja chaji, hivyo kila seli hulazimika kujazwa upya mara nyingi katika sekunde moja, lakini udogo wake ulifidia usumbufu huo. Mwaka 1970 Intel ikatoa chipu ya 1103 yenye biti 1,024, na kwa bei yake zama za vijipete zikaanza kufika ukingoni.

Kwa muda mrefu chipu hizo hazikuwa na kibao chake. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilizipokea moja moja kwenye soketi za ubao mama, tisa kwa kila safu: nane za data na ya tisa ya kukagua makosa. Kuongeza safu moja kulimaanisha kukandamiza chipu tisa zenye miguu 16 kila moja, yaani miguu 144, na mmoja ukipinda kazi inaharibika. Hata zilizokaa vizuri hazikutulia. Joto la mashine inapowaka na ubaridi inapozimwa vilizifanya zitanuke na kusinyaa, zikapanda taratibu kwenye soketi hadi zikaacha kugusa. Dawa ya fundi ilikuwa kufungua kasha na kuzibonyeza kwa kidole gumba.

Jawabu lilikuwa kuzichomelea chipu kwenye kibao kimoja na kukichomeka kibao chote kwa pamoja. Kulikuwa na aina moja iliyoitwa SIPP, yenye safu ya miguu 30 kama meno ya kitana. Miguu hiyo ilivunjika ovyo, na haikudumu sokoni. Iliyodumu ni SIMM, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hii iliiacha miguu kabisa: ukingo wa kibao ulipakwa vipande vya metali vinavyogusana na soketi, navyo huitwa pini. SIMM huingizwa kwa mshazari, kisha husimamishwa hadi vishikizo vya pembeni vilie.

SIMM ya kwanza ilikuwa na pini 30 na ilipitisha biti 8 tu za data. Hapo ndipo gharama ilipojificha. Prosesa ya 386DX au 486 husoma biti 32 kwa mkupuo, hivyo mwenye mashine hakuweza kununua kibao kimoja. Alihitaji vinne vinavyolingana. Ikafuata SIMM ya pini 72, iliyopitisha biti 32, ambayo IBM iliitumia katika kompyuta zake za PS/2. Kwa 486 ilitosha moja. Ilipotoka Pentium mwaka 1993 ikiwa na njia ya biti 64, wanunuzi wakarudi kununua vibao viwili viwili.

DIMM ilimaliza tatizo hilo. Katika SIMM, pini za upande mmoja na za upande wa pili zimeunganishwa, zinafanya kazi ileile. Katika DIMM kila upande una njia zake, na kibao kimoja hupitisha biti 64. DIMM ya pini 168 ilienea pamoja na SDRAM, kumbukumbu inayofuata mapigo ya saa ya mfumo badala ya kujiendea kivyake. Ilibeba pia chipu ndogo yenye maelezo ya ukubwa na kasi ya kibao, ili kompyuta ijipange yenyewe inapowashwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Intel ilijaribu kulipeleka soko kwenye RDRAM ya kampuni ya Rambus. Vibao vyake, RIMM, vilikuwa na kasi kweli, na Pentium 4 ilizinduliwa navyo mwaka 2000. Lakini vilikuwa ghali, vilipata moto hadi vikavalishwa ngao za chuma, na sloti tupu haikuruhusiwa: ilibidi ijazwe kibao bubu kisicho na chipu ili mkondo usikatike. Kumuuzia mtu kipande kisichohifadhi chochote si biashara rahisi. Watengenezaji wa chipu nao hawakupenda kulipa ada kwa mwenye teknolojia mmoja. Wengi wakachagua DDR, kiwango kilichokubaliwa kwa pamoja ndani ya JEDEC, chombo cha viwango cha sekta hiyo, na Intel yenyewe ikafuata.

DDR hupitisha data mara mbili katika kila pigo la saa. DDR ya kwanza ilikuwa na pini 184 na ilitumia volti 2.5. DDR2 ya mwaka 2003 na DDR3 ya mwaka 2007 zina pini 240 zote mbili, kwa volti 1.8 na 1.5. DDR4, iliyofika madukani mwaka 2014, na DDR5, ambayo kiwango chake kilitangazwa mwaka 2020, zina pini 288, kwa volti 1.2 na 1.1. Kufanana kwa idadi kusimdanganye mtu: pengo la ukingoni limehamishwa kila kizazi ili kibao kisiingie pasipo pake.

Kasi inayotangazwa huficha jambo moja. DDR ya 400 yenye kusubiri mapigo 3 hutoa data ya kwanza baada ya nanosekunde 15. DDR4 ya 3200 yenye kusubiri mapigo 22 huitoa baada ya nanosekunde 13.75. Seli zenyewe hazijakuwa nyepesi sana. Kilichoongezeka ni wingi wa biti zinazochotwa pamoja na kusafirishwa.

Laptopu hutumia SO-DIMM, yenye urefu wa karibu nusu ya DIMM. Vibao vya seva huongezewa chipu za kusahihisha makosa, na vingi huwa na rejista inayopokea amri kutoka kwa prosesa na kuzigawa kwa chipu. Kwa laptopu mpya, JEDEC ilitangaza mwaka 2023 kiwango cha CAMM2, kibao kinacholazwa na kufungwa kwa skrubu.

Katika maduka ya kompyuta zilizotumika, Kariakoo au Nairobi, DDR3 na DDR4 bado zinauzwa, na mnunuzi hulindwa na lebo. Chukua "4GB 2Rx8 PC3L-12800S". Kibao kina gigabaiti 4. 2R ni makundi mawili ya chipu, na x8 ni chipu zinazopitisha biti 8 kila moja. PC3 ni DDR3, L ni volti ndogo ya 1.35, 12800 ni megabaiti kwa sekunde, na S ni SO-DIMM ya laptopu. Mahali pa S pakiwa na U, hicho ni cha kompyuta ya mezani. Pakiwa na R, ni cha seva: kitaingia vizuri kwenye sloti ya kompyuta ya kawaida ya mezani, lakini mashine haitawaka.