Wingi Katika Anwani: Mabepari wa Venisi na Usomeshaji wa Futuhi Katika Shule za Sekondari

Walimu wanaosomesha tamthilia katika shule zetu za sekondari wana lalamiko moja la siku nyingi. Kijana akipewa swali juu ya mchezo wa kuigiza, haujadili mchezo huo, bali huusimulia. Wahusika huwagawanya katika mafungu mawili, la wema na la wabaya. Matukio huyafupisha kwa utaratibu yalivyofuatana. Na mwishoni hutoa funzo. Kwa kawaida lawama humwangukia kijana mwenyewe, kwamba hasomi au hafikiri. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kosa hilo lina historia yake, na kwamba sisi tuliomtangulia tumeshiriki katika kulijenga. Mfano tutakaoutumia ni futuhi ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa anwani ya Mabepari wa Venisi.

1. Futuhi na kicheko chake

Tamthilia hii iliandikwa baina ya mwaka 1596 na 1598, ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1600. Katika mkusanyo mkubwa wa kazi za Shakespeare uliotolewa mwaka 1623, iliwekwa katika fungu la futuhi. Uainishaji huo ulitegemea muundo: kuna posa, vikwazo, watu kujigeuza sura, na hatimaye ndoa. Haukuwa na maana kwamba kila kilichomo ni cha kuchekesha.

Kiini cha kisa kinajulikana. Bassanio anahitaji fedha ili akampose Portia. Rafiki yake Antonio anamdhamini, na Shylock, Myahudi mkopeshaji, anatoa dukati 3,000 kwa muda wa miezi mitatu. Deni lisipolipwa, Shylock atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Ni jambo la kustaajabisha kwamba Shylock anaonekana katika maonyesho 5 tu kati ya 20, na katika Sehemu ya Tano, yenye mzaha wa pete, hayumo kabisa. Amekwisha kunyang'anywa mali na kulazimishwa kuwa Mkristo. Wengine wanacheka, yeye kaondoka.

Je, kicheko hicho ni cha nani? Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakupata nafasi ya kurejea kwa uwazi hadi miaka ya 1650. Kwa hiyo watazamaji wengi wa kwanza walimjua Myahudi kwa uvumi na chuki kuliko kwa ujirani. Baadaye jukwaa lilibadilika. Mwaka 1741 Charles Macklin alimwigiza Shylock kuwa mtu wa kutisha. Edmund Kean, mwaka 1814, alimfanya binadamu mwenye uchungu, na Henry Irving akaendeleza njia hiyo mwaka 1879. Lakini mwaka 1943, mjini Vienna, chini ya utawala wa Wanazi, tamthilia hiyo hiyo ilichezwa ili kuchochea chuki, wakati Wayahudi walipokuwa wakiuawa kwa mamilioni. Maneno ya msingi ni yale yale; vicheko ni mbalimbali. Mwalimu asiyelieleza jambo hili anamkabidhi kijana kisu bila kumwonyesha mpini.

2. Tamthilia yageuka hadithi

Katika pwani yetu kisa hiki hakikuingia kama mchezo. Katika miaka ya 1860, Edward Steere, mmishenari wa Kianglikana, alichapisha huko Unguja kitabu kidogo kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Hakufasiri tamthilia zenyewe, bali masimulizi ya nathari ambayo Charles na Mary Lamb waliyatoa mwaka 1807 kwa ajili ya vijana. Kisa cha mfanyabiashara wa Venisi kilikuwa kimojawapo.

Tofauti hii si ndogo. Hadithi ina msimulizi, na msimulizi hutoa hukumu mapema: humwambia msomaji tangu mwanzo kwamba huyu ni mkatili na yule ni mkarimu. Tamthilia haina sauti kama hiyo. Kila mhusika hujitetea kwa kinywa chake, na hukumu huachiwa hadhira. Chukua mfano mmoja. Mahakamani, Shylock anawakumbusha wakuu wa Venisi kwamba wao wenyewe wana watumwa waliowanunua, na kwamba hakuna anayewaambia wawape uhuru au wawaoze watoto wao. Kama mali iliyonunuliwa ni halali kwao, anauliza, mbona ratili yake isiwe halali? Hoja hiyo haimo katika masimulizi ya akina Lamb. Kwa hiyo msomaji wa Unguja hakuipata, na hali soko la watumwa la mji huo huo lilikuwa bado wazi; lilifungwa mwaka 1873. Hoja ambayo ingemgusa kuliko zote ndiyo iliyomkosa.

Hapo ndipo tunapoiona asili ya insha ya kijana wetu. Anaandika kama akina Lamb. Amezoeshwa kuipokea tamthilia kama hadithi iliyokwisha kutolewa hukumu.

3. Mwalimu na wingi

Katika zama za ukoloni Shakespeare alikuwa sehemu ya elimu ya Kiingereza. Katika shule kama Alliance, tamthilia zake zilichezwa na wanafunzi katika miaka ya 1950. Uigizaji huo ulikuwa na faida kubwa, lakini ulikuwa wa wachache, na katika lugha ya wachache.

Julius Nyerere, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955, alitoa tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, akatoa Mabepari wa Venisi. Hapa kijana aliweza kuisoma futuhi nzima kwa Kiswahili, hoja ya watumwa ikiwemo.

Mengi yamesemwa juu ya neno bepari. Asili yake ni ya Kihindi, na zamani lilimaanisha mfanyabiashara tu. Kufikia mwaka 1969 lilikuwa limebeba uzito wa siasa. Lakini lililosemwa kidogo ni juu ya wingi wake. Anwani ya Kiingereza inamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio, ingawa wasomaji wengi hudhani ni Shylock. Nyerere anasema mabepari. Sasa kumbuka kwamba Portia, anapoingia mahakamani, anauliza kwanza ni yupi mfanyabiashara na ni yupi Myahudi, kana kwamba kwa kuwatazama tu hawezi kuwatofautisha. Wingi wa Nyerere ni jibu la swali hilo: wote wawili ni wa kundi moja, na pengine Bassanio, anayeposa akiwa na madeni, yumo pia.

Hata hivyo, anwani hiyo ina mtego. Kijana aliyejua neno bepari kwa maana ya mnyonyaji anaweza kuridhika na jawabu la siasa, akasahau kwamba Shylock anatemewa mate kwa sababu ya dini na taifa lake, wala si kwa sababu ya riba pekee. Kufuta Uyahudi wake ili abaki bepari tu ni kumwonea mara ya pili.

4. Darasani

Yafuatayo ni mapendekezo machache. Kwanza, kabla ya kusoma, wanafunzi waandike ukurasa mmoja wakikisia mabepari hao ni akina nani. Wakimaliza kusoma, waurudie ukurasa huo na kujisahihisha. Pili, onyesho la mahakama lisomwe kwa sauti mara mbili, mara moja Shylock akiwa wa kuchekwa na mara ya pili akiwa wa kuhurumiwa, bila kubadili neno hata moja. Kila mwanafunzi aandike ni mstari upi uliokataa kusomwa kwa namna mojawapo. Zoezi hili humlazimisha kutoa ushahidi kutoka katika matini, jambo ambalo maonyo yetu yameshindwa kulileta. Tatu, swali la insha lisiwe juu ya tabia za Shylock. Liwe hili: ni nani anayecheka katika Sehemu ya Tano, na kicheko chake kimegharimiwa na nani?

Swali kama hilo halijibiwi kwa muhtasari. Kijana atalazimika kuchukua nafasi ya hadhira, yaani nafasi ya hakimu, ambayo masimulizi yalimnyima tangu siku za Steere. Akiikalia nafasi hiyo, atakuwa ameanza kuhakiki.