Mgeni wa Msimu

Mwaka 1331, jahazi lililomchukua Ibn Battuta, faqihi wa Moroko, lilipokaribia bandari ya Mogadishu baada ya mwendo wa siku 15 kutoka Zaila, lililakiwa na sambuku ndogo ndogo zilizojaa vijana wa mji, na kila kijana mkononi ana sahani ya chakula iliyofunikwa. Walipopanda juu, kila mmoja alimwendea tajiri mmoja miongoni mwa abiria, akamtengea sahani ile, akatangaza mbele ya watu kwamba huyu ni mgeni wake. Na tokea saa ile tajiri hakuwa na ruhusa ya kukaa popote ila katika nyumba ya kijana aliyemtangaza, isipokuwa awe mzoefu wa mji, mwenye kufahamiana na watu wake, ambaye yeye hukaa apendapo.

Jambo hili halikuwa heshima tupu. Mwenyeji ndiye aliyeziuza bidhaa za mgeni kwa niaba yake, na ndiye aliyemtafutia za kurudi nazo. Na mtu yeyote akinunua kwa mgeni chini ya thamani ya haki, au akimwuzia kitu hali mwenyeji wake yu ghaibu, biashara ile kwa kaida ya mji ilikuwa batili. Mimi naihesabu kaida hii kuwa miongoni mwa mambo ya busara kubwa katika tarehe ya pwani, kwa kuwa inakiri waziwazi kwamba mgeni ni mtu dhaifu, asiyejua bei wala lugha, wala nani mkweli na nani laghai. Na badala ya kumwacha ajifunze kwa hasara, ilimtwika mwenyeji dhima ya ujinga wake. Wako wasemao kwamba, maadamu mwenyeji alipata faida, ukarimu ule haukuwa ukarimu. Siafikiani nao. Faida hupatikana siku ya kuuza, na siku ya kuuza ni moja au mbili. Lakini mgeni alilala chini ya dari ya mwenyeji wake usiku hata usiku, mwezi hata mwezi, na katika siku hizo zote hakuna mizani ya kupima taabu ya kumstahamilia.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa tajiri. Kijana mmoja alipomjia, wenzake wa safari walisema kwamba huyu si mfanya biashara bali ni mwanachuoni. Kijana naye akawapigia ukelele wenziwe kwamba basi huyu ni mgeni wa kadhi, na kadhi akashuka ufukweni pamoja na wanafunzi wake kumpokea. Khabari za jahazi, za mwenye chombo na shehena yake, zilikuwa zimekwisha kuulizwa na watu wa Sultani, kwani mji wenye akili haufungui mlango kwa upofu. Lakini mgeni mwenyewe hakuharakishwa. Mlangoni pa Sultani, ambaye wakati ule alikuwa Abu Bakr bin Sheikh Umar, aliletewa tambuu na popoo na maji ya waridi ya Dameski, akapelekwa katika nyumba ya wanafunzi, ambayo ilikuwa imekwisha kutandikwa. Chakula kikaja: wali uliopikwa kwa samli na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kwa siku tatu aliletewa chakula mara tatu kila siku, nazo siku tatu ndizo zilizowekwa na dini kuwa haki ya mgeni. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, akaletewa nguo: shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba; akaenda msikitini, na baada ya sala ndipo alipoamkiana na Sultani. Alisimama mbele ya mfalme akiwa ameshiba, amelala, na amevaa kama watu wa mji wavaavyo.

Kilichowafundisha watu wa pwani subira ya namna hii, zaidi ya dini na zaidi ya biashara, ni upepo. Kaskazi, ivumayo tangu mwezi wa Desemba hata Machi, ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na hakuna nahodha aliyeweza kurudi hata kusi ianze kuvuma kuanzia Aprili. Tajiri wa Shihri au wa Hormuz akishuka Mombasa au Kilwa alijua kwamba atakula hapo, ataugua hapo, atagombana na watu na kupatana nao hapo, na pengine ataoa. Hili si jambo la karne ya Ibn Battuta peke yake: kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, kimekwisha kutaja manahodha wa Kiarabu waliokuwa wakija katika bandari ya Rhapta, wakioana na wenyeji na kuijua lugha yao.

Ushahidi mwingine wa ada hii umeandikwa kwa mawe. Katika nyumba za kale za Lamu, zile zilizojengwa katika karne ya 18, mlango wa nje umetanguliwa na daka lenye mabaraza mawili ya mawe, moja kulia na moja kushoto, ambapo mpita njia aliweza kukaa bila kuulizwa haja yake. Anayeingia ndani hukuta njia imepindwa, ili jicho la mgeni lisiangukie wanawake wa nyumba, kisha hutokea kiwandani, yaani uani; na upande wa kiwanda, mbali na misana na ndani, vyumba walimokaa wenye nyumba, kipo chumba kiitwacho sabule, nacho ni cha wageni. Aliyeichora nyumba hii alijua kwamba mtu humvumilia mgeni vizuri zaidi akiwa na ukuta kati yake na yeye. Hakutegemea moyo wa mwenyeji uwe mpana siku zote, bali aliusaidia kwa chokaa na mawe. Nami naona kwamba watu hawa waliujua ubinadamu wao.

Lakini atakayesifu bila kutaja upande wa pili atakuwa amedhulumu. Kilwa, Ibn Battuta alimkuta Sultani Al-Hasan bin Suleiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Fakiri mmoja kutoka Yemeni alimwomba nguo alizozivaa, naye akazivua akampa. Mwanawe Sultani akazikomboa kwa watumwa kumi, kisha Sultani, alipoona watu wanavyokishukuru kitendo kile, akamwongezea fakiri watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watumwa wale ishirini nao walikuwa wageni Kilwa, wala hakuna aliyewapelekea sahani iliyofunikwa. Ada ile njema ilimkinga aliyekuja kwa hiari yake. Aliyeletwa kwa kamba hakuwa na mwenyeji wa kumtolea dhamana.

Wala wageni wote hawakustahili waliyotendewa. Malindi ilimkirimu Vasco da Gama mwaka 1498 na kumpa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Lakini mwaka 1505 meli za Wareno wenzake chini ya Francisco de Almeida ziliipora Kilwa, kisha Mombasa. Na katika Unguja ya karne ya 19, majahazi ya kaskazini yalipowasili, wazazi waliwafungia watoto wao ndani, kwa kuwa miongoni mwa mabaharia walikuwamo walioiba watoto na watumwa wa watu kwenda kuwauza Uarabuni. Pamoja na hayo msimu uliofuata nyumba zilifunguliwa tena, na jambo hili, kwangu mimi, ni la ajabu kuliko karamu yote ya Mogadishu.

Kilichoidhoofisha ada hii si khiyana ya wageni, bali ni haraka. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 meli za moshi za British India zikaanza safari za kawaida kati ya Aden na Unguja, zisizongojea kaskazi wala kusi. Msafiri akawa anashuka asubuhi na kuondoka baada ya siku chache, na mwenyeji hakupata tena nafasi ya kumjua mtu ambaye hata jina lake alikuwa hajalishika vizuri. Majahazi hata hivyo hayakukoma. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na bumu la Wakuwaiti mwaka 1938 na 1939, aliwakuta mabaharia wa chombo hicho bado wanateremka pwani nzima hata Unguja, na kutoka huko kwenda katika delta ya Rufiji kukata boriti, wakipanga safari yao kwa pepo zile zile na kukaa miongoni mwa watu wa pwani hata kusi iwaruhusu kurudi kwao.