Viwashio vya Moto vya Bei Kubwa: Je, Vina Tija Wakati wa Dharura?

Wapanda milima, waongoza watalii, madereva wa masafa marefu na watu wengine wanaosafiri mbali na makazi hutangaziwa vifaa vidogo vya kuwashia moto vinavyoelezwa kuwa hufanya kazi penye mvua, upepo na baridi kali. Baadhi huuzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, ilhali boksi la kiberiti cha njiti hupatikana dukani kwa bei iliyo chini ya chupa ya soda. Msafiri ana haki ya kujiuliza iwapo fedha hizo za ziada zinamwongezea usalama.

Kwa wasafiri walio wengi, jibu ni hapana. Viberiti viwili vya kawaida vilivyohifadhiwa pakavu, pamoja na vitu vya kukokea moto vilivyoandaliwa kabla ya safari, hutosheleza mahitaji ya dharura. Kifaa cha bei kubwa kinaweza kuwa akiba nzuri kwa mtu aliyejifunza kukitumia, lakini hakichukui nafasi ya maandalizi.

Moto hauanzi kwa cheche pekee

Ili moto uwake, vitu vitatu hukutana: joto la kuanzishia, hewa, na kitu kinachoungua. Kiwashio, kiwe cha bei gani, huleta joto la kuanzishia tu. Mtu anayeshindwa kukoka moto baada ya mvua kwa kawaida hukwamishwa na kuni mbichi, nyasi zilizolowa au papara ya kuweka vipande vikubwa kabla vidogo havijashika.

Ushahidi wa jambo hilo upo nchini. Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hupata moto kwa kupekecha kijiti kimoja juu ya kipande kingine cha mti mkavu. Zana yao haina gharama. Wanafanikiwa kwa sababu wanajua mti wa kuchagua, hutayarisha nyasi kavu za kupokea kaa dogo linalozaliwa, na wamezoea kazi hiyo tangu utotoni.

Uwezo na upungufu wa kila aina

Kifaa kinachosifiwa zaidi ni kijiti cha kukwangua kinachotoa cheche, kilichotengenezwa kwa mchanganyiko wa madini uitwao ferosiriamu, uliobuniwa na mkemia wa Austria, Carl Auer von Welsbach, mwaka 1903. Cheche zake hufikia joto la takriban nyuzi 3,000 za Sentigredi. Hakihitaji gesi wala betri, na kikilowa hufutwa kikaendelea kufanya kazi. Upungufu wake ni kwamba hutoa cheche, si mwali. Cheche hizo huzimika mara moja zisipoangukia kitu kilaini na kikavu sana. Aidha, kijiti hicho huhitaji mikono miwili yenye nguvu, jambo gumu kwa mtu anayetetemeka kwa baridi au aliyeumia mkono.

Mchanganyiko huohuo ndio unaotumika kutengeneza jiwe dogo lililomo ndani ya kiberiti cha kawaida cha gesi chenye gurudumu. Kwa hiyo, hata gesi inapokwisha, kiberiti hicho cha bei ndogo bado hutoa cheche zinazoweza kuwasha pamba kavu.

Viberiti vya umeme vinavyochajiwa havizimwi na upepo. Hata hivyo, betri hupungukiwa nguvu penye baridi, na ikiisha mbali na umeme kifaa hakina kazi. Viberiti vya gesi vyenye mwali mkali navyo hustahimili upepo, lakini humaliza gesi haraka, na vile vinavyowashwa kwa kubonyeza kitufe husumbua zaidi katika miinuko mirefu, ambako hewa ni nyepesi, kuliko vile vya gurudumu.

Kiberiti cha kawaida cha gesi kina faida ya kutoa mwali papo hapo na kutumika kwa mkono mmoja. Katika baridi ya kuganda mwali wake hudhoofika kwa kuwa butani iliyomo haigeuki mvuke kwa urahisi. Tatizo hilo hupungua kikiwekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kiberiti cha njiti nacho kina siri yake. Katika njiti za usalama, kichwa cha njiti hubeba kemikali inayotoa oksijeni, na fosforasi nyekundu imepakwa ubavuni mwa boksi. Boksi likilowa, njiti kavu hazisaidii. Njiti pamoja na kipande cha ubavu wa boksi vihifadhiwe ndani ya kichupa chenye kifuniko kinachobana.

Mahali panapostahili gharama

Badala ya kuongeza fedha kwenye kiwashio, msafiri hunufaika zaidi kwa kuandaa vitu vya kukokea moto. Pamba iliyopakwa mafuta ya mgando huwaka kwa dakika kadhaa na huhifadhiwa kwa urahisi katika mfuko wa plastiki. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi la baiskeli huwaka hata vikiwa vimelowa, ingawa moshi wake haufai kuvutwa wala kupikiwa. Kwa wakazi wa Pwani, nyuzi kavu za makumbi ya nazi hushika moto upesi. Mshumaa mfupi nao ni wa thamani: njiti moja huuwasha, kisha mwali wake hukausha vijiti vyembamba bila kutumia njiti nyingine.

Zoezi moja nyumbani, mahali salama na palipo wazi, humfundisha mtu zaidi ya maelezo ya muuzaji. Asiyeweza kukoka moto kwa kijiti chake siku ya jua asitarajie kufanikiwa usiku wa mvua.

Moto si hatua ya kwanza

Mtu aliyelowa na kupigwa baridi mlimani yumo katika hatari ya kushuka kwa joto la mwili. Anachohitaji kwanza ni kukingwa upepo, kuvuliwa nguo zilizolowa, kuvishwa kavu na kuteremshwa chini mapema. Koti la mvua, nguo za akiba, tochi, filimbi na simu yenye chaji huokoa muda ambao moto ungeupoteza.

Zaidi ya hayo, moto unaweza kuzaa dharura nyingine. Oktoba 11, 2020, moto ulizuka eneo la Whona katika Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Taarifa za awali za Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania zilieleza kuwa ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu walipanda mlima kuukabili, na kazi hiyo ilidumu zaidi ya wiki moja. Katika hifadhi, moto huwashwa pale tu panaporuhusiwa na kwa maelekezo ya askari wa hifadhi. Nje ya hifadhi, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaweka masharti ya uchomaji wa uoto.

Jiko la mkaa au moto wowote usiwashwe ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua mtu akiwa usingizini. Moto unapomshinda aliyeuwasha, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Wanaosafiri kwa ndege wakumbuke kuwa kiberiti hakiruhusiwi ndani ya mizigo. Taratibu za kimataifa huruhusu abiria kubeba kiberiti kimoja tu mwilini, na baadhi ya viwanja na mashirika ya ndege yana masharti makali zaidi.

Kwa ujumla, mkoba wa dharura wa msafiri wa kawaida unatosha ukiwa na kiberiti cha gesi chenye gurudumu, njiti ndani ya kichupa kikavu, pamba yenye mafuta na mshumaa, vikiwa vimegawanywa katika mifuko miwili ili kimoja kikipotea kingine kibaki. Mwenye kijiti cha cheche na ujuzi wa kukitumia anaweza kukiongeza. Asiye nacho hajapungukiwa kitu, na fedha aliyoiokoa inatosha kuchangia koti zuri la mvua.