Samaki aliyerudi Nevada, na sangala wetu wa Kalemie



Kila mwaka Mei ikikaribia, mjadala ni uleule: tufunge ziwa ao tusifunge? Mimi nilikuwa kati ya wale wanaokataa kwa sauti kubwa. Mama yangu anauza ndagala. Minervali yangu yote, toka msingi mpaka lisanse, ilitoka kwenye beseni lake. Mtu akisema "miezi mitatu bila kuvua," mimi nasikia "miezi mitatu bila bukari." Kwa hiyo ninachoandika leo sikukiokota ofisini.

Kilichonibadilisha kidogo ni historia ya ziwa moja la mbali.

Ziwa Pyramid liko jangwani, jimbo la Nevada, Marekani. Ni ziwa la Wapaiute, wenyeji wa pale kabla wazungu hawajafika. Ndani yake aliishi trauti mkubwa ajabu. Mwaka 1925 Mpaiute mmoja, John Skimmerhorn, alivua mmoja wa kilo 18 na zaidi. Mpaka leo hakuna aliyevunja rekodi ile.

Lakini wakati huo samaki alikuwa ameshahukumiwa kifo. Mwaka 1905 serikali ilimaliza kujenga bwawa la Derby kwenye mto Truckee, ndio mto unaolisha ziwa, ili maji yaende kwenye mashamba ya walowezi. Ziwa likaanza kushuka. Mpaka 1967 lilikuwa limeshuka zaidi ya mita 20. Mchanga ukaziba mdomo wa mto, na trauti hutaga mayai mtoni, si ziwani. Mwaka 1938 walipanda mto kwa mara ya mwisho. Miaka michache baadaye trauti wa asili ya Pyramid wakahesabiwa kuwa wamekwisha kabisa.

Angalia vizuri: si nyavu za Wapaiute zilizommaliza. Ni maji yaliyochukuliwa na watu wengine. Mwenye ziwa ndiye aliyebaki na njaa.

Basi Wapaiute wakaenda mahakamani. Miaka ya 1970 walishinda kesi moja dhidi ya wizara iliyogawa maji yale. Mwaka 1983 wakashindwa nyingine mbele ya Mahakama Kuu. Hawakuacha. Mwaka 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya mapatano juu ya maji ya Truckee.

Na mbegu je? Hapo ndipo bahati iliingia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wataalamu walikuta trauti wadogo kwenye kijito kimoja cha mlima Pilot Peak, mpakani mwa Nevada na Utah. Kuna mtu aliwapandikiza kule zamani, mwanzoni mwa karne, kabla ya msiba. Mwaka 1995 mayai yao yakaanza kulelewa kwenye kituo cha serikali. Baadaye wataalamu wa chuo kikuu cha Nevada walilinganisha chembe za urithi na samaki wa zamani waliohifadhiwa makumbusho: ni damu ileile. Mwaka 2006 wakarudishwa Pyramid. Miaka haikupita mingi, wavuvi wakaanza kutoa trauti wa kilo 9 na zaidi. Na mwaka 2014 wakataga tena katika mto Truckee, mara ya kwanza toka 1938.

Sasa turudi hapa Kalemie.

Baba yangu mkubwa anasimulia sangala aliyebebwa na watu wawili kwenye mti, begani. Sisi vijana tunacheka, tunafikiri ni maneno ya wazee. Lakini ni kweli. Ziwa letu lina aina nne za jamaa ya sangala, na zote nne hazipatikani ziwa lingine lolote duniani. Miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungusha upande wa Burundi. Zilipofika maji ya Zambia miaka ya 1960, samaki wakubwa walipungua ndani ya muda mfupi. Tukabaki na mukebuka na ndagala. Juu ya hayo, maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua.

Nchi nne zinazogawana ziwa zilikubaliana kuwe na muda wa kupumzika, toka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Kwa ndagala naona faida yake: ndagala anakua haraka, miezi ni kitu kikubwa kwake. Lakini sangala anahitaji miaka. Halafu watoto wake wanakulia karibu na ukingo, kwenye majani ya maji, palepale tunapokokota nyavu za macho madogo na vyandarua. Ukifunga ziwa miezi mitatu, kisha ukafungua na chandarua kikarudi majini siku ileile, umemfanyia sangala nini?

Kwa hiyo msimamo wangu wa leo ni huu. Kupumzisha ziwa, sawa. Lakini mama muuza samaki awe mezani wakati wa kuamua, na aambiwe atakula nini. Mapatano ya 1990 hayakutoka mbinguni. Wapaiute walisimama kama wenye ziwa. Na sehemu za ukingo zenye majani zilindwe mwaka mzima, si miezi mitatu tu.

Tofauti moja inanitia hofu. Wapaiute walipoteza samaki wao, kisha wakamkuta mlimani. Sisi hatuna Pilot Peak. Sangala akiisha humu, hakuna kijito cha kwenda kumtafuta. Lakini bado yumo! Siku moja moja mama anamuona sokoni, mdogo kuliko zamani, bei juu.

Wewe unayeandaa memwari ya historia, ya biolojia ao ya sheria, na bado unatafuta mada: nenda kwa wazee wa ukingoni, uandike ukubwa wa samaki wanaowakumbuka, mwaka gani, nyavu gani. Siku tutakapodai haki yetu, tutaulizwa ushahidi.