Tyneham: kijiji kilichoazimwa, hakikurudishwa

Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1943, barua ilibandikwa kwenye mlango wa kanisa la Mtakatifu Maria huko Tyneham, kijiji kidogo karibu na bahari katika mkoa wa Dorset, kusini mwa Uingereza. Aliyeiandika, Bi Evelyn Bond, aliwaomba askari waliokuwa wakija walitunze kanisa na nyumba za watu. Aliwaeleza kwamba wenyeji wanaacha makazi ambayo wengine wamekaa vizazi kwa vizazi, ili kusaidia kushinda vita na watu wabaki huru. Siku moja, aliandika, tutarudi. Akawashukuru mapema kwa wema watakaokitendea kijiji.

Hakuna aliyerudi kuishi Tyneham hadi leo.

Kijiji hicho ni cha kale. Kimo katika daftari kuu la ardhi lililoandikwa kwa amri ya mfalme William mwaka 1086. Tangu mwaka 1683 kilikuwa mali ya familia ya Bond, iliyoishi katika jumba kubwa la mawe lililojengwa enzi za malkia Elizabeth wa Kwanza. Wengine wote walikuwa wapangaji: wakulima, vibarua wa mashamba, dobi, mkata miti, mwenye posta. Bondeni kulikuwa na ng'ombe na kondoo. Ukishuka kidogo unafika ghuba ya Worbarrow, ambako wavuvi walivua vibua na kutega madema ya kaa na kamba-koche. Nyumba nyingi hazikuwa na umeme wala maji ya bomba. Habari ziliingia kupitia posta, ambayo mbele yake palikuwa na kibanda cha simu, na hicho ndicho kilichokuwa kitu kipya kuliko vyote kijijini.

Ni vyema kusema pia kwamba Tyneham kilikuwa kimeanza kupungua kabla ya vita. Shule ilifungwa mwaka 1932 kwa kukosa watoto wa kutosha, kwani vijana walikuwa wakifuata kazi mijini kama ilivyokuwa vijiji vingi vya Uingereza wakati huo. Wanaokisimulia Tyneham kama pepo iliyopotea huliruka jambo hili. Lakini kijiji kinachopungua ni kijiji bado, kina wazee wake na makaburi yake, na waliobaki walikuwa wamebaki kwa kupenda.

Jirani yao alikuwa jeshi. Tangu Vita Kuu ya Kwanza askari wa vifaru walikuwa na kambi Bovington na uwanja wa kulengea shabaha Lulworth, milima michache tu upande wa magharibi. Ilipofika mwishoni mwa 1943, majeshi ya Uingereza na washirika wake yakijiandaa kuvuka bahari kwenda Normandy, uwanja ule ulionekana mdogo. Tarehe 16 Novemba wenyeji waliandikiwa barua za kuwataka wawe wameondoka ifikapo tarehe 19 Desemba. Eneo lililotakiwa lilikuwa na ukubwa wa ekari zipatazo 7,500, na watu 225 hivi walihamishwa, wa Tyneham na wa mashamba ya jirani.

Hebu tufikirie mwezi mmoja huo. Mifugo iuzwe au ihamishwe katikati ya baridi, vyombo vipakiwe, nyumba itafutwe kwa jamaa au mji wa karibu. Na kwa kuwa wengi walikuwa wapangaji, fidia waliyopata ilikuwa thamani ya mazao yaliyokuwa bustanini mwao. Mtu alilipwa kabichi zake. Nyumba aliyozaliwa baba yake haikuwa yake, kwa hiyo mbele ya sheria hakuwa amepoteza kitu.

Pamoja na hayo, sililaumu agizo la 1943. Ilikuwa vita ya kufa na kupona, na watu wa Tyneham wenyewe walilikubali kwa moyo ambao barua ile ya kanisani inauonyesha wazi. Waliondoka wakiamini wameazimisha, na kwamba vita vikiisha watarudi kwao. Ninalolilaumu ni lililotokea baadaye. Mwaka 1948, amani ikiwa imerudi miaka mitatu, serikali iliamua kwamba mahitaji ya ulinzi yanatangulia, na ardhi ikachukuliwa moja kwa moja kwa nguvu ya sheria. Vifaru vilikuwa vimekua, mizinga yake inapiga mbali zaidi, na jeshi halikutaka kuachia bonde. Waungwana husema ahadi ni deni. Hapa mdaiwa alikuwa na nguvu za kujifutia deni mwenyewe, naye alizitumia.

Waliohamishwa walitawanyika. Baadhi walipewa nyumba za halmashauri Sandford, karibu na mji wa Wareham, zenye umeme na maji, na wapo walioona maisha yamekuwa mepesi. Wengine hawakuacha kudai. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampeni ya kutaka kijiji kirudishwe ilishika kasi, ikiongozwa na watu kama mwandishi Rodney Legg. Mwaka 1973 kamati iliyoundwa na serikali yenyewe chini ya Lord Nugent ilipendekeza uwanja wa Lulworth uachiwe. Mwaka uliofuata serikali ilikataa pendekezo hilo, ikakubali tu kuwaruhusu watu kupita na kutembelea siku ambazo hakuna mazoezi.

Leo mgeni huingia Tyneham siku nyingi za mwisho wa juma. Nyumba za mawe hazina mapaa, na miti imeota ndani ya vyumba. Jumba la familia ya Bond lilibomolewa sehemu kubwa. Kanisa limetunzwa na limekuwa mahali pa maonyesho ya historia ya wenyeji, na shule imepangwa kama ilivyokuwa, majina ya watoto yakiwa juu ya vigingi vya kutundikia makoti. Kwa kuwa bonde halikupata kulimwa kwa matrekta wala kumwagiwa dawa za mashambani, maua na vipepeo walioadimika kwingineko Uingereza bado wanapatikana humo. Wapo wanaosema kwa sababu hiyo jeshi limeliokoa bonde, maana bila uzio wake pangejengwa hoteli. Huenda ni kweli. Hata hivyo, hoja hiyo haikuwamo katika yale waliyoambiwa wenyeji mwaka 1943, na kipepeo hawezi kulipia nyumba ya mtu.

Tyneham hakikuwa peke yake. Imber, katika mkoa jirani wa Wiltshire, kilihamishwa mwezi huohuo wa Desemba 1943, nacho hakikurudishwa. Vita vilivyowaondoa watu wa vijiji hivyo viwili viliisha mwaka 1945, na ardhi yao bado inamilikiwa na Wizara ya Ulinzi.